Ngano Imepanda, Rai Imeshuka: Yanayotokea Kiwandani Kabla Unga Haujafika Jikoni

Mwaka 1961 dunia ilivuna ngano kama tani milioni 222. Siku hizi inavuna karibu tani milioni 800. Rai, nafaka ndugu ya ngano inayolimwa zaidi Ujerumani, Poland, Urusi na Belarus, imekwenda kinyume chake: kutoka tani milioni 35 mwaka huohuo wa 1961 hadi takriban milioni 13 sasa. Msomaji wa Tanga au Kisumu ambaye hajawahi kuonja mkate wa rai ana haki ya kuuliza yamhusu nini. Yanamhusu sana. Nguvu zilizoisukuma rai pembeni ndizo zilizoamua chapati yake iwe na rangi gani, unga wake usagiwe wapi, na kwa nini nyuma ya pakiti kumechapwa orodha ya vitamini na madini.

Tuanzie kwenye punje yenyewe. Ganda la nje la ngano, ambalo likishatengwa tunaliita pumba, ni kama asilimia 14 ya uzito. Kiinitete, ile sehemu ndogo ambayo ingechipua kama punje ingepandwa, ni asilimia 2 hadi 3. Kinachobaki, zaidi ya asilimia 80, ni kiini cheupe chenye wanga na protini za gluteni. Nyuzinyuzi, madini ya chuma, zinki na sehemu kubwa ya vitamini za kundi B zimejikusanya kwenye ganda na kiinitete. Mafuta ya punje nayo yamo zaidi kwenye kiinitete, ndiyo maana unga wa nafaka nzima huharibika mapema kuliko unga mweupe.

Kinu cha mawe husaga vyote pamoja. Unaweza kuchekecha baadaye ukaondoa pumba kubwakubwa, lakini chembe za ganda na mafuta ya kiinitete tayari zimeshachanganyika na unga. Kwa karne nyingi unga mweupe kabisa ulikuwa chakula cha wenye fedha, kwa kuwa kuupata kulihitaji kuchekecha mara nyingi na kupoteza nafaka nyingi. Mambo yaligeuka katika karne ya 19 huko Hungaria. Viwanda vya Budapest viliacha mawe vikatumia rola, na mwaka 1874 mhandisi András Mechwart wa kiwanda cha Ganz akaunda mashine yenye rola za chuma kigumu zilizodumu na kusaga kwa usawa. Budapest ikawa mji mkuu wa unga duniani, hadi ilipopitwa na Minneapolis ya Marekani.

Rola hazipondi punje, bali huipasua. Kwanza ngano husafishwa na kuloweshwa kwa kiasi, ikaachwa saa nyingi mpaka unyevu ufike takriban asilimia 16. Ganda hulainika likawa gumu kukatika, kiini kikawa rahisi kuvunjika. Kisha punje hupita kati ya rola mbili zenye mifereji, moja ikizunguka haraka kuliko mwenzake. Ganda hufunguka, kiini hukwanguliwa vipandevipande. Chekeche na upepo hutenganisha vipande hivyo na pumba, halafu rola laini huvisaga taratibu, hatua baada ya hatua, mpaka viwe unga. Katika kila kilo 100 za ngano hutoka kama kilo 75 hadi 78 za unga mweupe. Zilizobaki ni pumba na kiinitete, na nyingi huishia kwenye chakula cha ng'ombe, nguruwe na kuku.

Hatua hiyo ya kiufundi ilikuja pamoja na msiba ambao kila anayefanya kazi kiwandani au kwenye mashine ya mtaani anapaswa kuufahamu. Tarehe 2 Mei 1878 kiwanda kikubwa cha Washburn huko Minneapolis kililipuka na kuua watu 18. Kilicholipuka ni vumbi la unga lililojaa hewani na kukutana na cheche. Vumbi la unga ni hatari kama gesi likishakuwa zito ndani ya chumba kisichopitisha hewa. Msioneane haya kumkataza mtu kuwasha sigara au kuchomelea vyuma karibu na mashine ya kusaga.

Rai ina tabia nyingine. Kiini chake kimeshikana na ganda kwa nguvu, wala hakitoki kwa vipande safi kama ngano. Ukikipitisha kwenye rola laini kinabanwa na kuwa bapa badala ya kuvunjika, kwa hiyo wasagaji wa rai hutumia rola zenye mifereji karibu mwanzo hadi mwisho. Unga unaotoka huwa na rangi ya kijivu, na chembe za ganda haziepukiki. Kwenye kinyunga nako rai haijengi utando wa gluteni unaonasa hewa kama ngano. Unyevu wake hushikwa na nyuzinyuzi zinazofyonza maji mengi. Bila kuuchachua unga uwe mchachu, vimeng'enya vya rai huvunja wanga wakati mkate unaokwa na ndani hubaki unanata. Waokaji wa Ujerumani, Poland, Urusi na Finland walitatua tatizo hilo zamani kwa chachu ya asili inayotunzwa siku kwa siku. Mkate wao ni mzito, mchachu kidogo, unakaa siku nyingi bila kuharibika, na unashibisha.

Kwa nini basi rai imeshuka? Zao hili lilipendwa kwa sababu linavumilia baridi kali na udongo wa mchanga ambako ngano hunyong'onyea. Mbolea za viwandani na mbegu bora za ngano zilipofika, faida hiyo ikapungua. Wakazi wa mijini nao, kipato kilipopanda, walitaka mkate mweupe na laini. Mwaka 2003 Umoja wa Ulaya ulifuta utaratibu wa kununua rai ya wakulima kwa bei ya uhakika pale soko lilipoanguka, na wakulima wengi wakapunguza mashamba. Hata Ujerumani, inayoongoza duniani kwa kulima rai, sehemu kubwa ya mavuno haiendi kwenye mkate. Huliwa na mifugo, au huchachushwa kutengeneza gesi ya kuzalisha umeme. Viwanda vya unga vya Ujerumani husaga nafaka kama tani milioni 8 kwa mwaka, na rai haifiki hata sehemu moja ya kumi.

Kuna jambo moja kutoka Ujerumani ambalo natamani lingeigwa katika pakiti zetu. Unga wao hutajwa kwa namba. Ukinunua aina ya 405, maana yake ni kwamba gramu 100 za unga mkavu zikiunguzwa kwenye tanuri la maabara hubaki miligramu 405 hivi za majivu, yaani madini yasiyoungua. Aina ya 550 ni ya mkate mweupe, 1050 ina sehemu kubwa zaidi ya ganda. Unga wa rai huanzia kwenye namba kama 815 na kwenda 997, 1150 na kuendelea. Kwa kuwa madini yamo zaidi kwenye ganda, namba inapopanda mnunuzi anajua punje imebaki kwa kiasi gani ndani ya unga. Hahitaji kuamini picha ya shamba iliyochapwa kwenye pakiti.

Ujerumani hiyohiyo inaonyesha vizuri mwelekeo wa pili, kupungua kwa vinu. Baada ya Vita Kuu ya Pili kulikuwa na maelfu kwa maelfu ya vinu, kila kijiji chenye mto kikiwa na cha kwake. Uwezo wa kusaga ulizidi mahitaji, bei ikawa ya kuumizana, na mwaka 1957 Ujerumani Magharibi ikatunga sheria iliyogharimia wenye vinu wakubali kufunga. Leo viwanda vinavyosaga zaidi ya tani 1,000 kwa mwaka havifiki 200 nchi nzima. Vikubwa vimejipanga kando ya maji: Mannheim na Neuss kwenye mto Rhine, na Hamburg bandarini. Sababu ni ya kibiashara. Meli au jahazi la mtoni hubeba nafaka kwa gharama ndogo kuliko lori, na ngano huhifadhika ghalani muda mrefu kuliko unga. Inalipa kuisafirisha nafaka masafa marefu, na unga masafa mafupi.

Hapo ndipo tunapoingia sisi. Viwanda vikubwa vya Mombasa na Dar es Salaam vimejengwa kwa hesabu ileile. Kenya hulima ngano Narok, Nakuru, Uasin Gishu na Timau. Tanzania hulima Hanang, Karatu, Monduli na nyanda za juu kusini. Hata hivyo mavuno yetu ni sehemu ndogo ya tunachokula, na meli kutoka Urusi, Ukraine, Ujerumani, Kanada, Marekani, Australia na Argentina ndizo zinazojaza maghala. Msagaji huchanganya ngano laini ya bei nafuu na ile yenye protini nyingi ili mfuko wa mwezi huu utoe chapati ileile ya mwezi uliopita. Ugonjwa nao umetukwamisha: mwaka 1998 kutu ya shina ya aina mpya, iliyopewa jina Ug99, iligunduliwa Uganda, na kituo cha utafiti cha Njoro nchini Kenya kimekuwa mahali ambapo mbegu za ngano kutoka nchi nyingi hupimwa kama zinaustahimili.

Vita vya Urusi na Ukraine vilivyopamba moto mwaka 2022 vilitukumbusha gharama ya utegemezi huu. Nchi hizo mbili zilikuwa zikitoa zaidi ya robo ya ngano inayouzwa kimataifa. Makubaliano ya kuruhusu nafaka kupita Bahari Nyeusi yalitiwa saini Istanbul tarehe 22 Julai 2022, yakafa Julai 2023. Katikati ya hapo muuza maandazi alipunguza ukubwa wa andazi ili aendelee kuliuza kwa bei ambayo mteja wake angeimudu.

Sasa nifike kwenye jambo ninalolijali kuliko yote. Viwanda vichache na vikubwa vimetuletea unga mweupe ulionyang'anywa virutubishi vyake vingi. Ukubwa huohuo, hata hivyo, ndio unaowezesha kuvirudisha baadhi. Kiwanda kinachosaga mamia ya tani kwa siku kinaweza kufunga kifaa kinachodondosha mchanganyiko wa virutubishi kwenye unga kwa kipimo, na mkaguzi anaweza kuvitembelea viwanda vyote muhimu. Mahindi ni kazi ngumu zaidi, kwa kuwa husagwa kwenye maelfu ya mashine ndogo mitaani na vijijini. Tanzania ilitunga kanuni za urutubishaji mwaka 2011, na Kenya ikaufanya kuwa lazima kwa unga wa ngano na wa mahindi wa viwandani mwaka 2012. Miongoni mwa vinavyoongezwa ni madini ya chuma, zinki, foliki asidi (vitamini mojawapo ya kundi B) na vitamini B12.

Foliki asidi pekee inatosha kuhalalisha kazi yote hiyo. Uti wa mgongo wa mtoto hufunga katika wiki nne za mwanzo baada ya mimba kutungwa, mara nyingi kabla mama hajajua kuwa ni mjamzito. Foliki ikipungua wakati huo, hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi huongezeka, na wengi wa watoto hao hupata pia kichwa kikubwa. Kumpa mama vidonge anapokuja kliniki akiwa na miezi mitatu ni kuchelewa kwa tatizo hili, ingawa vidonge hivyo vina kazi nyingine na asiviache. Unga unamfikia kabla. Afrika Kusini ilianza kuongeza foliki kwenye unga wa ngano na mahindi Oktoba 2003, na watoto waliozaliwa na kasoro hizo wakapungua kwa karibu theluthi moja. Watoto hawa tunawaona katika hospitali zetu, na familia zao tunazijua zinavyohangaika na upasuaji. Mwenye kiwanda anayeacha kuweka virutubishi ili aokoe shilingi chache kwa mfuko anawadhuru watu ambao hawatajua kamwe nani aliwadhuru.

Ujerumani haijalazimisha urutubishaji wa unga. Uingereza, iliyokuwa ikiongeza kalsiamu, chuma na baadhi ya vitamini B kwa miaka mingi, imepitisha sheria ya kuongeza foliki asidi itakayotumika kuanzia Desemba 2026. Kwetu, ambako familia nyingi hula chakula cha aina chache, msimamo wangu ni kwamba kusubiri si chaguo. Lakini tusidanganyane: mashine hairudishi kila kitu. Nyuzinyuzi zilizokwenda na pumba hazimo kwenye kile kifuko cha virutubishi, na ndizo zinazosaidia choo kuwa laini na sukari kupanda taratibu mwilini baada ya kula.

Kwa hiyo unaponunua unga mweupe, tafuta nembo ya urutubishaji na alama ya ubora ya TBS au KEBS, na uangalie tarehe. Unga wa kupima, unaouzwa kwenye gunia lililo wazi juani, hupoteza baadhi ya vitamini kwa mwanga na hewa, na huwezi kujua ulitoka kiwanda gani. Ukitaka unga usiokobolewa, soma viambato: sehemu nyingine ni unga mweupe uliorudishiwa pumba bila kiinitete, na mikate mingine ya kahawia imepakwa rangi ya sukari iliyounguzwa tu. Nunua kiasi cha wiki chache, ufunike vizuri, uweke penye ubaridi. Ukianza kunuka kama mafuta ya zamani, usiupike.

Kwa anayepika chapati za biashara na anaogopa kupoteza wateja, changanya robo ya unga usiokobolewa na robo tatu za unga mweupe uliorutubishwa. Tia maji mengi kidogo kuliko ulivyozoea, maana pumba hunywa maji, na uache donge lipumzike nusu saa kabla ya kusukuma.