Kinyesi cha miaka zaidi ya 1,000 kukutwa kizima chini ya benki, je wajua kwa nini hakikuoza?

Kama unakula weka sahani pembeni kwanza. Mwaka 1972 huko York, kaskazini mwa Uingereza, Lloyds Bank ilikuwa inajengwa, wanaakiolojia wakachimba kwenye kiwanja na moja ya vitu walivyotoa chini ni kinyesi cha binadamu, kimoja, urefu kama sentimita 20, cha mtu wa enzi za Waviking, wale mabaharia wa Skandinavia, karne ya 9 hivi. Kukipima wakaona jamaa alikuwa anakula sanasana nyama na mkate, na tumboni alikuwa na mayai ya minyoo kibao, ya aina ya mjeledi na chango. Kuna mtaalamu alikilinganisha thamani na vito vya kifalme, watu wakacheka, ila mimi namwelewa, mana wafalme wana watu wa kuwaandikia habari zao, huyu wa kawaida nani angeandika kuwa tumbo lilikuwa linamsokota?

Haya, kwa nini hakikuoza? Vitu vinaozeshwa na bakteria na fangasi, na wale wenye kasi wanataka hewa. York iko kati ya mito miwili, Ouse na Foss, chini kumelowa muda wote, maji yameziba kila upenyo kwahiyo oksijeni haifiki. Halafu ongeza na tabia za wenyewe, mana Waviking waliuteka mji mwaka 866 na uchafu wao ulikuwa unaishia hapohapo uani, mifupa, maganda, choo cha shimo kikijaa kinachimbwa kingine pembeni, nyumba ikichoka inaangushwa inajengwa nyingine juu yake, ardhi inapanda tu. Mtaa wa Coppergate, uliochimbwa 1976 hadi 1981 kabla ya kujengwa maduka, matabaka yanafika mpaka mita 9, yani ghorofa tatu za taka.

Na hapo Coppergate ndo penye utamu. Kuta za fito zilizosukwa zilikutwa bado zipo, ukiziangalia ni kama nyumba ya kwetu kabla haijakandikwa udongo, kuna viatu vya ngozi, soksi ya sufu, na vile vipande vya katikati vinavyobaki fundi akishakereza kikombe cha mti, kumbe jina Coppergate lenyewe maana yake ni mtaa wa mafundi vikombe. Jumla kama vitu 40,000. Shida ni kwamba ubao uliokaa majini miaka elfu ukiuanika tu unasinyaa na kupasuka, kwahiyo unawekwa kwenye maji kwanza, halafu unaloweshwa kwenye nta maalumu inayochukua nafasi ya yale maji.

Wanaakiolojia wakamaliza, wajenzi wakaingia, na mwaka 1982 dereva wa kijiko akasikia kagonga kitu kigumu. Wengi tungesema jiwe hilo, piga kazi. Yeye akasimama akaangalia, kofia ya chuma ya vita ya karne ya 8, imenakshiwa kwa shaba ya njano, leo iko makumbusho.

Sasa linganisha na Shanga, mji wa kale wa Waswahili kwenye kisiwa cha Pate huko Lamu, Kenya, uchimbaji wa miaka ya 1980. Chini ya msikiti wa mawe walikuta misikiti midogo ya miti iliyotangulia, wa mwanzo ni wa karne ya 8, ila mti wenyewe haupo, mana pale ni mchanga, hewa inapita na mchwa hawalali. Kilichobaki ni madoa ya duara yenye rangi tofauti na mchanga, kila doa ni shimo la nguzo, ukiyaunganisha unapata kuta, na kuta zikakuonesha chumba kilikuwa kidogo kiasi gani. Kwenye msingi wa nyumba yako doa kama hilo fundi analipiga sururu bila hata kuligundua.