Sukari ya Mtoto Hupimwa, Haikisiwi

Mama mmoja kutoka pembezoni mwa Arua alipoulizwa binti yake wa miaka tisa alianza kuugua lini, hakutaja kwanza homa wala kutapika, bali alitaja sisimizi. Mtoto huyo, ambaye alikuwa ameacha kukojoa kitandani tangu miaka minne, alianza tena, na kila asubuhi mama alipotoa mkeka kuuanika, sisimizi walijaa palepale penye alama ya mkojo. Alimgombeza, akamkataza kunywa maji usiku, na mtoto akawa anaamka kimyakimya kwenda mtungini. Wiki tatu baadaye alianza kutapika na kuhema, akapelekwa katika kituo cha afya cha jirani, akapimwa malaria, ikaonekana, akatibiwa na kuwekewa dripu ya glukosi. Hali ikazidi kuwa mbaya. Alipofika kwetu hospitalini tulimchoma kidole, na mashine haikutoa namba bali herufi mbili, HI, ambazo kwa mashine nyingi humaanisha kuwa sukari ya damu imevuka milimoli 33.3 kwa lita, kiwango ambacho haziwezi kusoma zaidi ya hapo. Wale sisimizi walikuwa wakifuata sukari iliyokuwa ikitoka katika mkojo.

Simlaumu mhudumu aliyemwona mwanzo, kwa sababu malaria mtoto alikuwa nayo kweli. Shida ni kwamba hapa Uganda jibu la malaria likishatoka, maswali mengine hukoma, ilhali hakuna kinachomzuia mtoto kuwa na malaria na kisukari kwa wakati mmoja. Kidole kilekile kilichochomwa kwa ajili ya malaria kingeweza kutoa tone la pili kwa ajili ya sukari, na jibu lake hutoka kwa sekunde chache. Kwa maoni yangu, mtoto yeyote anayetapika, anayehema na kulegea asiwekewe dripu yenye sukari kabla sukari yake haijapimwa, kwa kuwa dripu hiyo humwokoa aliyepungukiwa na sukari lakini humzamisha zaidi yule ambaye tayari imemzidi.

Kuhema huko kuna maelezo yake. Insulini, yaani homoni inayoingiza sukari katika seli za mwili, ikikosekana, sukari hubaki katika damu huku seli zikiwa na njaa, na mwili huanza kuyeyusha mafuta ili upate nguvu. Katika kuyeyuka huko hutokea ketoni, ambazo huifanya damu kuwa na asidi, nayo mapafu hujitahidi kuiondoa kwa pumzi nzito na za haraka. Ndiyo maana watoto hawa hudhaniwa kuwa na nimonia, ingawa daktari akisikiliza kifua hukikuta safi, na mara nyingine pumzi yao hunuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Kabla ya kufika hapo huwa kuna siku au majuma ya kiu isiyokatika, mkojo mwingi, kukonda licha ya kula vizuri, na uchovu. Mtoto mwenye dalili hizo akikutwa na sukari ya milimoli 11.1 au zaidi, saa yoyote ya siku, ana kisukari. Na asiyekula kwa saa nane akikutwa na 7.0 au zaidi, naye ana kasoro inayohitaji kufuatiliwa na daktari siku hiyohiyo.

Jina la ugonjwa nalo limetupotosha. Wanaozungumza Kiganda huuita sukaali, sisi wa Kiswahili tunasema kisukari, na jirani akisikia hivyo humtazama mama kana kwamba alimlisha mtoto miwa na soda mpaka akaugua. Kisukari cha aina ya kwanza hakiletwi na sukari ya mezani. Kinga ya mwili hugeuka na kuzishambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini, na zikishakwisha, mtoto hana namna ya kuishi bila sindano. Kabla ya Januari 1922, wakati Leonard Thompson wa miaka 14 alipodungwa insulini kwa mara ya kwanza huko Toronto, utambuzi wa ugonjwa huu kwa mtoto ulikuwa hukumu ya kifo.

Hayo ndiyo yaliyoandikwa katika vitabu tulivyosomea, na vitabu hivyo viliandikwa zaidi kutokana na watoto wa Ulaya na Marekani. Mwaka 2025 utafiti uitwao YODA, uliofanywa Kameruni, Uganda na Afrika Kusini na kuchapishwa katika jarida la Lancet Diabetes & Endocrinology, ulitulazimisha kuvisoma upya. Watafiti walichunguza watu 894 waliogunduliwa na kisukari kabla ya kufikisha miaka 30 na ambao wote walihesabiwa kuwa na aina ya kwanza. Takriban asilimia 65 kati yao hawakuwa na zile kingamwili ambazo ni alama ya kinga kuishambulia kongosho, na wala vinasaba vyao havikufanana na vya aina ya kwanza. Hata hivyo hawakuwa na aina ya pili pia, ile ambayo insulini ipo lakini haifanyi kazi ipasavyo, maana insulini yao ilikuwa imepungua sana. Yaani wengi wa vijana wetu wenye kisukari wana kisukari ambacho hakiingii katika yale mafungu mawili tuliyozoea.

Chanzo chake bado kinatafutwa. Wapo wanaoelekeza macho kwenye lishe duni ya utotoni, na ni mwaka huohuo wa 2025 ambapo Shirikisho la Kimataifa la Kisukari liliutambua ugonjwa unaohusishwa na utapiamlo kuwa aina ya tano. Katika nchi ambayo uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2016 ulikuta asilimia 29 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, wazo hilo haliwezi kupuuzwa, ingawa mimi nasita kuliita jibu. Ninachomwomba mzazi ni kwamba akisikia mtoto wake hana kingamwili asidhani kuwa insulini si ya lazima. Kuiacha bila ushauri wa daktari ni kumrudisha kwenye ile pumzi nzito.

Kuhusu unene, ambao huelekeza kwenye kile kisukari cha aina ya pili, UNICEF ilitangaza mwaka 2025 kwamba kwa mara ya kwanza duniani watoto wa miaka 5 hadi 19 wenye unene wa kupindukia, asilimia 9.4, wamewazidi wenye uzito pungufu, asilimia 9.2. Afrika kusini mwa Sahara bado haijafika huko, lakini Kampala inaelekea. Chupa moja ya soda ya mililita 300 ina takriban gramu 30 za sukari, sawa na vijiko vidogo saba hivi, na siku ya wazazi kutembelea shule za bweni mtoto hunywa mbili au tatu kama ishara ya kupendwa. Naona akina mama wanaosugua shingo ya mtoto kwa dodoki, ekyangwe kwa Kiganda, hadi ngozi ichubuke, wakidhani ule weusi mnene wenye mikunjo ni uchafu. Si uchafu. Kwa mtoto mnene, shingo au kwapa zikigeuka hivyo, mara nyingi insulini imeanza kushindwa kufanya kazi yake, na kinachotakiwa ni kupima sukari.

Wazazi wengi huuliza kama unene huo ni wa homoni. Kwa kawaida naanza na urefu. Mtoto aliyenenepa kwa chakula huwa mrefu kuliko wenzake. Aliyenenepa huku kimo kimesimama ndiye anayetutia wasiwasi, kwa kuwa huenda tezi ya thairoidi imelegea, au amekuwa akipewa dawa za steroidi kama dexamethasone na prednisolone, ambazo baadhi ya watu hununua dukani ili mtoto apate hamu ya kula. Dawa hizo zisikatishwe ghafla nyumbani; mtoto aletwe nazo. Vivyo hivyo aletwe msichana anayeota matiti kabla ya miaka minane, na mvulana anayeanza kubalehe kabla ya tisa.

Nimalizie na insulini, kwani wengi wa wazazi wetu hawana friji. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walionyesha, kwa kuiga joto lililopimwa katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley nchini Kenya, kwamba insulini iliyokaa katika nyuzi 25 hadi 37 kwa wiki nne haikupoteza nguvu. Chungu cha udongo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga uliolowanishwa asubuhi na jioni, kikiwekwa kivulini penye upepo, huteremsha joto vya kutosha. Chupa ifungwe katika mfuko usiopenya maji. Insulini inayopaswa kuwa angavu ikionekana na ukungu au chembe, itupwe hata kama tarehe yake haijafika; ile ya mchanganyiko ni nyeupe kama maziwa kwa asili yake, nayo huviringishwa taratibu kati ya viganja kabla ya kuvutwa kwenye sindano, isitikiswe.