Waliofaulu jaribio nao wahesabiwe

Nikipokea ripoti ya demensia, ugonjwa wa kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, sianzi na ile asilimia iliyokolezwa wino. Natafuta kwanza jambo moja: wale wazee waliofaulu jaribio la awali, kuna yeyote aliyerudi kuwachunguza?

Tafiti nyingi za aina hii huenda kwa awamu mbili, maana madaktari wa kumpima kila mzee kijijini hawapatikani. Wilayani Hai, Kilimanjaro, wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi walihojiwa kwanza kwa dodoso, ambalo ndilo jaribio la awali. Kati yao 184 walionyesha dalili za wazi, wengine 104 wakawa wa kutiliwa shaka. Uchunguzi wa kitabibu ulipofuata, waliothibitika kuwa na demensia walikuwa 78. Matokeo hayo, yaliyochapishwa 2013, yalitoa kiwango cha asilimia 6.4 baada ya kurekebishwa kwa umri. Dodoso lingeachwa liseme peke yake, tungeambiwa asilimia 15 au zaidi.

Chukua mfano wa hesabu tu. Wazee 1,000, wagonjwa 60. Dodoso letu linawanasa wagonjwa 90 katika kila 100, na linawaachia wazima 85 katika kila 100. Basi litanasa wagonjwa 54, pamoja na wazima 141 wasio na kosa. Daktari akiwapima hao 195 atawatenganisha vizuri. Lakini wagonjwa sita wamebaki kwenye kundi la watu 805 walioambiwa wako salama, na huko hakuna anayewatafuta.

Ndiyo maana tunachagua kwa bahati nasibu sehemu ya hao 805, tuseme 80, nao wapimwe na daktari. Kila mmoja anawakilisha wenzake kumi hivi. Hapo ndipo hesabu inapokuwa nyeti kupita kiasi: asipopatikana mgonjwa hata mmoja, kiwango ni asilimia 5.4, akipatikana mmoja, kinapanda hadi 6.4, wakiwa wawili, 7.4. Mzee mmoja anahamisha jibu la wilaya nzima! Kwa hiyo asilimia isiyoandamana na wigo wake wa makadirio, yaani namba ya chini na ya juu ambamo kiwango halisi huenda kimo, siikubali. Wa Hai ulikuwa 4.9 hadi 7.9, na mpangaji wa huduma anapaswa kuziona namba zote mbili.

Kuna njia ya mkato, ya watafiti Rogan na Gladen ya 1978: unachukua kiwango cha dodoso na kukisahihisha kwa makosa yake yanayojulikana. Ni nzuri, ila inadai makosa hayo yapimwe kwa watu walewale. Ukiazima takwimu za dodoso kutoka mjini Uingereza, umeharibu. Bibi ambaye hakuwahi kushika kalamu akiambiwa anakili mchoro atakosea, na akili yake ni timamu kabisa. Nafurahi kwamba kipimo cha IDEA, jaribio fupi la awali la demensia lililotokana na kazi ya Hai, kinampa njiti za kiberiti azipange badala ya kuchora. Kinapunguza kosa pale linapozaliwa, kabla halijafika mezani kwangu.