Pikipiki ya injeksheni inachemsha kwa jamu: tunayoambiana na yaliyo kweli

Pikipiki yangu ya masafa ilikuwa inaenda Naivasha na kurudi bila neno. Ikifika Bellevue, kwenye Mombasa Road hapa Nairobi, jioni, lori mbele, matatu ubavuni, geji ya joto inapanda mpaka taa nyekundu inawaka. Juu ya kichwa changu Nairobi Expressway iko wazi, lakini sisi wa magurudumu mawili haturuhusiwi huko. Basi tunachemka chini, na kila mtu ana dawa yake.

"Ni injeksheni inaleta moto."
Hapana. Injeksheni, yaani mfumo wa kompyuta unaonyunyizia injini petroli, hupima hewa na kupunguza petroli kadiri unavyopanda mwinuko. Kabureta ndiyo huzidiwa na petroli milimani. Ila kuna jambo moja: katika pikipiki nyingi za aina hii, kompyuta inayopima petroli ndiyo huamuru feni iwake, kwa kusoma sensa ya joto. Sensa ikidanganya, feni inabaki imelala.

"Toa thamostati, utapona."
Fundi mmoja aliniambia hivyo, akaing'oa (ni kilango kinachozuia maji kuzunguka mpaka injini ipate moto) na kunikabidhi mkononi kama jino. Asubuhi iliyofuata nilipanda Limuru na geji haikutoka chini. Kompyuta ikadhani injini bado haijapata moto, ikaendelea kuongeza petroli, na tangi likaisha mapema kuliko kawaida. Jioni, Bellevue, ikachemsha vilevile.

Thamostati hukwama, sikatai. Lakini ikikwama imefungwa, injini huchemka hata kwenye barabara tupu. Ukiishuku, itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni uitazame: nzima hufunguka kabla maji hayajachemka. Inayochemsha ikiwa imesimama tu, na kupoa ukianza kwenda, inakosa upepo. Hapo anza na feni.

Nilichomoa plagi ya feni nikaipa umeme moja kwa moja kutoka kwa betri kwa nyaya mbili. Ikazunguka vizuri. Fyuzi nayo nzima. Kuvuta relei, ile swichi ya umeme inayowasha feni, miguu yake imejaa kutu ya kijani, zawadi ya mashine ya kuoshea pale kwa kawoshi. Relei mpya, kazi ikaisha, na thamostati ikarudi mahali pake. (Mashine hiyo hiyo hukunja mapezi ya rejeta, kile kipoza maji cha injini, halafu vumbi jekundu likiingia halitoki. Tumia mpira wa kawaida, maji ya polepole.) Na kama feni imewahi kubadilishwa, shika karatasi mbele ya rejeta ikizunguka. Kwa kuwa feni nyingi hukaa nyuma ya rejeta, karatasi inafaa kuvutwa. Ikisukumwa, nyaya zimepishana na feni inapigana na upepo wa barabarani.

"Nairobi kuna baridi, maji ya mfereji yanatosha."
Hii ndiyo hunikera zaidi, kwa sababu mwinuko unafanya kinyume cha tunavyodhani. Tuko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji yakiwa wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Feni za pikipiki nyingi huwaka maji yakifika nyuzi 100 au zaidi. Kinachookoa ni kifuniko cha rejeta: kile cha shinikizo la baa 1.1 hupandisha kiwango cha kuchemka hadi karibu 120. Mpira wake ukifa, maji yanaanza kuchemka kabla feni haijaambiwa iwake! Kifuniko ni kitu kidogo na bei yake ni ndogo, lakini mafundi wengi hukiruka wakakimbilia injini.

Kulanti, yale maji ya rangi ya kupoza injini, nayo si rangi tu. Huinua zaidi kiwango cha kuchemka na kuzuia kutu ndani ya alumini. Maji ya kisima huacha magamba ya chumvi kwenye mirija membamba ya rejeta.

"Feni ikiwaka, kuna shida."
La. Shida ni isipowaka.

"Ikichemsha, fungua kifuniko umwagie maji baridi."
Mvuke utakuchoma uso, na hedi (kichwa cha injini) yenye moto ikipigwa na maji baridi inaweza kupinda au kupasuka. Zima, isukume kando, ipe nusu saa au zaidi. Mpira wa rejeta ukishikika bila kukuunguza na ukibonyea kwa urahisi, funika kifuniko kwa kitambaa ukifungue polepole. Ukishajaza, toa hewa: iwashe ikiwa imepoa, kifuniko wazi, huku ukiminyaminya mipira hadi mapovu yaishe.

Yasipoisha, tazama mafuta ya injini. Yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, huenda gasketi ya hedi imekwenda. Usiiwashe tena hata ya kufika nyumbani. Tafuta pikapu ya kuibeba.