Maana ya "chaguo-msingi" katika ushindani wa simu janja na utafutaji wa intaneti

Chaguo-msingi ni lile chaguo ambalo kifaa au programu hulitumia pale mtumiaji asipochagua lolote. Anayenunua simu janja huikuta tayari ina kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti, na kivinjari hicho kina injini ya utafutaji itakayopokea kila swali atakaloandika, ingawa yeye mwenyewe hakuulizwa anaitaka ipi. Injini hiyo ndiyo chaguo-msingi. Anaweza kuibadilisha kwa kuingia kwenye mipangilio, kazi ya muda mfupi tu, lakini walio wengi hawaingii huko kamwe, na ni kwa sababu hiyo nafasi ya chaguo-msingi ina thamani kubwa kiasi cha kununuliwa kwa fedha nyingi.

Mfano ulio wazi zaidi ni ule wa Google na Apple. Katika simu, kampuni hizi ni washindani: Google iliinunua Android, mfumo endeshi wa simu, mwaka 2005, Apple ikatoa iPhone mwaka 2007, na leo mifumo endeshi yao imegawana karibu soko lote la simu janja duniani. Katika utafutaji, hata hivyo, ni washirika, kwa kuwa Google huigawia Apple sehemu ya mapato ya matangazo ili injini yake iwe chaguo-msingi katika Safari, kivinjari cha iPhone. Ushahidi uliotolewa mahakamani nchini Marekani ulionyesha kwamba malipo hayo yalifikia dola bilioni 20 hivi mwaka 2022. Kwa maoni yangu, hakuna ushahidi mwingine unaoeleza dhana hii vizuri kuliko kiasi hicho, kwani kampuni ambayo bidhaa yake tayari inapendwa isingetoa fedha nyingi namna hiyo kama ingeamini kwamba watu wangeifuata popote ilipo.

Faida yake pia haiishii kwenye matangazo. Kila swali linaloulizwa, na kila kiungo kinachobonyezwa baada yake, huifundisha injini ni majibu gani yanayowafaa watu. Mwenye chaguo-msingi hupokea maswali mengi zaidi, huboresha majibu yake, na kwa ubora huo huvuta watumiaji wengine, huku mshindani mdogo akikosa maswali ambayo yangemwezesha kujirekebisha.

Lakini chaguo-msingi halina nguvu isiyo na mipaka. Mwaka 2014 kivinjari cha Firefox kiliifanya injini ya Yahoo kuwa chaguo-msingi badala ya Google kwa watumiaji wa Marekani. Wengi wao walirejea Google kwa hiari yao, na mwaka 2017 Firefox yenyewe ikairudia. Kwa hiyo ubora una uzito, ila hupimwa kwa haki pale tu mtumiaji anapopata sababu ya kulinganisha.

Umoja wa Ulaya uliitoza Google faini ya euro bilioni 4.34 mwaka 2018 kwa masharti iliyowawekea watengenezaji wa simu za Android, na baadaye simu mpya barani humo zikaanza kuonyesha skrini ya kuchagua injini ya utafutaji. Nchini Marekani, Jaji Amit Mehta aliamua Agosti 2024 kwamba Google ilikuwa imedumisha ukiritimba wa utafutaji kinyume cha sheria, na mikataba ya chaguo-msingi ndiyo iliyokuwa kiini cha kesi hiyo. Katika uamuzi wake wa Septemba 2025 kuhusu hatua za kurekebisha hali hiyo, alipiga marufuku mikataba inayowafungia wengine mlango na kuiagiza Google iwape washindani wanaostahiki sehemu ya data zake, lakini hakuizuia kuendelea kulipia nafasi hiyo.