Nafasi ya Probiotiki kwa Mwanamke Mwenye PCOS

Mwanamke mwenye ovari zenye vifuko vingi, hali inayofahamika kwa kifupi kama PCOS, siku hizi huambiwa kwamba chanzo cha tatizo lake kimo tumboni na kwamba kapsuli za probiotiki, yaani bakteria hai wanaoliwa kwa manufaa ya mwili, zitamrudishia hedhi na kumpa mimba. Sehemu ya kwanza ya kauli hiyo ina chembe ya ukweli. Ya pili imeuacha ushahidi nyuma.

Shirika la Afya Duniani limewahi kukadiria kuwa PCOS huwapata asilimia 8 hadi 13 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa. Kwa wengi wao mwili hauitikii ipasavyo insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, hivyo kongosho hulazimika kuitoa kwa wingi. Insulini hiyo iliyozidi huzichochea ovari kutengeneza homoni za kiume, na papo hapo hupunguza protini itokayo kwenye ini ambayo kazi yake ni kuzifunga homoni hizo katika damu. Ndipo hedhi inapovurugika, chunusi zinapotoka na ndevu zinapoota.

Utumbo unaingia hapo kwenye insulini. Bakteria waishio humo huchachusha nyuzinyuzi za chakula na kuzalisha asidi zinazolisha ukuta wa utumbo na kuchochea homoni zinazosaidia kudhibiti sukari. Mwaka 2019 watafiti wa China walionyesha kuwa panya waliopandikizwa kinyesi cha wanawake wenye PCOS, au bakteria aitwaye Bacteroides vulgatus, walipata hitilafu za ovari na usugu wa insulini. Ni matokeo mazito, ingawa panya wa maabara hapati hedhi.

Kwa binadamu, majaribio mengi yamekuwa madogo, ya wiki 8 hadi 12, yakitumia bakteria wa jamii za Lactobacillus na Bifidobacterium. Baadhi yameonyesha insulini na mafuta ya damu kushuka kwa kiasi. Kuhusu kupevuka kwa mayai na kupata mimba, hayatoshi kumwahidi mtu chochote.

Kwa hiyo anayependa kutumia probiotiki asiziweke mahali pa metformini, dawa inayosaidia mwili kuitikia insulini, wala dawa za kurekebisha hedhi alizoandikiwa, na mwenye kinga dhaifu amuulize daktari kwanza. Anayepitisha siku 90 bila hedhi, na hana mimba, afike hospitali: ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi usiomomonyoka huendelea kunenepa na kuongeza hatari ya saratani, na hakuna probiotiki iliyothibitishwa kulizuia hilo.