errno.h ni mlango tu

Desturi ya majina ya faili ni makubaliano kwamba jina la faili lidokeze kilichomo. Ukikuta ENOENT (kosa la "faili au saraka haipo") kwenye msimbo wa lugha ya C, ile E ya mwanzo inakuambia hii ni namba ya kosa, na namba za makosa huingizwa kwa errno.h, faili la kichwa (header) linaloingizwa kwa #include. INT_MAX, thamani kubwa kabisa ya aina ya int, utaifuata limits.h. Basi.

Linalonikera ni hili ninalolisikia kila mara: "ENOENT imefafanuliwa kwenye errno.h." Hebu fungua /usr/include/errno.h kwenye Linux yenye glibc (maktaba ya kawaida ya C) uitafute. Haimo. Utakuta #include ya bits/errno.h, nalo linakupeleka linux/errno.h, kutoka hapo asm/errno.h, kisha asm-generic/errno.h, hadi unapofika asm-generic/errno-base.h. Humo ndimo ulimo mstari wenyewe:

#define ENOENT 2

Safari hiyo ndefu ina sababu. POSIX, kiwango cha mifumo ya aina ya Unix, inaahidi jina la konstanti na faili la kuliingiza. Thamani imeuachia kila mfumo. Kwenye Linux, EDEADLK (namba nyingine ya kosa) kwa prosesa za x86 ni 35, kwa za MIPS ni 45, kwa kuwa MIPS ina orodha yake. Aliyeona 35 mahali fulani akaiandika kwa mkono ndani ya programu, akiamini errno.h imeshasema hivyo kwa mashine zote, ametega kosa litakalomnasa mwenzake siku programu ikihamishwa.

Nadhani mkanganyiko unatoka kwa waliozoea lugha ambazo desturi imekuwa sheria. Kwenye Java, darasa la public liitwalo Mkopo lisipokaa ndani ya Mkopo.java, javac, kompaila yake, inagoma. Rails, mfumo wa tovuti wa lugha ya Ruby, ikitumia kipakiaji cha Zeitwerk huitafuta Admin::UsersController kwenye admin/users_controller.rb, na faili likiwepo bila konstanti hiyo, inarusha kosa. Hata huko, konstanti kama MAX_RETRIES iliyo ndani ya darasa haina faili lake. Inakaa kwenye faili la darasa hilo. Kompaila ya C yenyewe haijali faili linaitwaje.

Kwa hiyo ndugu zangu, tukielekezana tuseme "ENOENT inapatikana kupitia errno.h." Mtu akiuliza imefafanuliwa wapi, hilo ni swali lingine, na jibu lake analipata hivi:

grep -rnwE "define[[:space:]]+ENOENT" /usr/include